Kujituma shuleni na kazini: maswali na majibu

Nafungua daftari, nusu saa inapita sijasoma hata mstari mmoja. Je, mimi ni mvivu?

Tuliweke kando neno hilo, maana halikuonyeshi pa kushika. Anayeshindwa kuanza huwa amekwama mahali fulani: hajui kazi inaanzia wapi, anaogopa kukosea, haoni inamsaidia nini, au mwili wake umechoka. Lililo la kawaida zaidi ni la kwanza, na ndilo jepesi kurekebisha. "Kusoma Baiolojia" ni jina la somo. Hakuna mkono unaoweza kulianza. "Kuchora moyo na kutaja sehemu zake bila kutazama kitabu" ni kazi. Kazini ni vilevile: badala ya "kushughulikia ripoti", andika "kujumlisha mauzo ya wiki ya kwanza". Jiulize: mtu aliyekaa pembeni angejua nimeanza saa ngapi na nimemaliza saa ngapi? Kama asingejua, ipunguze tena.

Nasubiri hamu ije ndipo nianze. Nakosea?

Ndiyo, na wengi wanakosea hapo. Mara nyingi hamu hufuata kazi iliyokwisha kuanza: ukiona swali la kwanza limetoka, la pili linakuvuta. Kwa hiyo jipe dakika 5 tu, na ruhusa ya kweli ya kuacha zikiisha. Ruhusa hiyo isiwe ya uongo. Ukijilazimisha kila mara kuendelea saa nzima, kesho akili itaogopa hata hizo dakika 5.

Kisha uamue mapema lini na wapi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, ambaye makala yake ya mwaka 1999 inatajwa sana, alionyesha kwamba mpango wa "ikitokea hivi, nitafanya vile" hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Andika hivi: "Nikishamaliza kuosha vyombo vya chakula cha jioni, nitakaa meza ya sebuleni na kufanya maswali 4 ya hisabati." Funga kazi mpya kwenye jambo ambalo tayari hulikosi, kama swala, chai ya asubuhi au kushuka daladala. Mpango wa "nitasoma jioni" hufa kwa sababu jioni haina mlango.

Ukishaanza, fanya kazi dakika 25 na upumzike 5. Baada ya mizunguko minne pumzika dakika 15 hadi 30. Simu ikae chumba kingine, isiwe imegeuzwa kifudifudi mezani. Mapumziko yenyewe yasiwe ya simu: dakika 5 za video fupi huwa 40, na unarudi ukiwa umechoka zaidi. Simama, kunywa maji, toka nje uone mwanga.

Mwanangu yuko kidato cha pili. Nimemwahidi simu akifaulu, lakini bado hasomi. Niongeze zawadi?

Hapana, mzazi. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichukua watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora. Wengine walipewa cheti kwa kushtukizwa. Wengine hawakupewa chochote. Wiki chache baadaye, walioahidiwa walichora kwa muda wa karibu nusu ya wenzao. Kilichokuwa mchezo kilikuwa kimegeuka malipo.

Zawadi ina nafasi yake kwenye kazi isiyo na ladha yoyote, lakini haijengi kujituma. Edward Deci na Richard Ryan, waliotafiti jambo hili kwa miongo mingi, wanataja mahitaji matatu ya binadamu: kuwa na uamuzi katika jambo lake, kuhisi analiweza, na kuwa karibu na watu wanaomjali. Nyumbani, hilo lina maana mwachie achague aanze na somo gani na saa ngapi; wewe shikilia kwamba atasoma. Mrudishe alipopotelea hata kama ni mada za darasa la sita, kwa sababu mtoto asiyejua hesabu za sehemu, kama nusu na robo, hawezi kuipenda aljebra. Msifu kwa jambo mahususi: "Nimeona umerudia swali hili mara tatu mpaka limetoka." Na usimlinganishe na mtoto wa jirani. Ulinganisho huo unamwondolea mawili kati ya yale matatu kwa sentensi moja.

Nalala saa 5 usiku naamka saa 10 alfajiri nijisomee. Mbona darasani nasinzia na sina ari?

Hizo ni saa 5 za usingizi. Mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10, na mtu mzima angalau 7. Ubongo usiolala hauhifadhi vizuri ulichosoma, na kila kazi huiona kama mlima. Saa mbili za alfajiri unazozipata, unazilipa darasani mchana kutwa. Kahawa haitakuokoa: kwa watu wengi, karibu nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi, hivyo kikombe cha saa 11 jioni bado kinafanya kazi saa 4 usiku.

Angalia na damu. Wasichana na wanawake wanaopata hedhi nzito wako hatarini kupungukiwa na madini ya chuma, na dalili zake (uchovu, kizunguzungu, kutohimili kusoma) hufananishwa sana na uvivu. Kipimo cha hemoglobini (wingi wa damu) ni chepesi. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Kula maharage, dagaa, mboga za majani, na kamulia ndimu au malizia na chungwa, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai ya majani inywe angalau saa moja baada ya mlo. Watu wengi huharibu hapo: chakula ni kizuri, kisha chai inazuia chuma kilichomo.

Kazini nimechoka kabisa. Naamka nikiichukia ofisi.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilieleza hali ya kuchoshwa na kazi kwa dalili tatu: nguvu kuisha, kujitenga na kazi au kuidharau, na utendaji kushuka. Chanzo chake ni msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa. Kwa hiyo tunasema wazi: mshahara unaocheleweshwa, zamu mbili mfululizo na matusi ya msimamizi havitibiwi kwa kujipa moyo. Hapo kinachotakiwa kubadilika ni kazi.

Anza na mzigo. Andika majukumu yote kwenye karatasi moja, umpelekee bosi na umuulize, "Mawili yapi yatangulie wiki hii, na lipi lisubiri?" Swali hilo hujibiwa kirahisi kuliko malalamiko ya jumla.

Nilianza vizuri, siku ya kumi nikakosa, nikaacha moja kwa moja.

Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikadiria kwamba tabia mpya huzoeleka kwa wastani wa siku 66, huku watu wakitofautiana kati ya siku 18 na 254. Kukosa siku moja hakukuharibu mwendo. Kinachoua ni kulipa deni: umekosa maswali 4, kesho unapanga 8, unashindwa, keshokutwa 12. Futa deni. Rudi kwenye kiwango chako, na uwe na kiwango cha siku mbaya, mfano swali 1.

Nitajuaje kwamba si suala la kujituma tena?

Kama kwa wiki 2, karibu kila siku, una huzuni au umepoteza hamu hata ya vitu ulivyovipenda, kama mpira, kwaya au kupiga soga na marafiki, nenda kituo cha afya. Hasa kama usingizi au hamu ya kula vimebadilika, au unajiona huna thamani. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, na unatibika kwa ushauri nasaha na, ikibidi, dawa. Mweleze daktari hali ilianza lini, unalala saa ngapi, na dawa au kilevi unachotumia. Mwombe pia apime damu, kwani tezi ya shingo ikizembea huleta uchovu kama huo. Ukiwaza kujidhuru, usikae peke yako: mwambie mtu unayemwamini akupeleke hospitali siku hiyohiyo.