Insulini Goma, wakati njia zimefungwa

Mama mmoja wa Majengo, mtaa wa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, aliingia kwenye famasia yangu na kichupa cha insulini kilichobaki theluthi. "Dokta, mtoto ninampunguzia kidogo kidogo, ili ifike mwisho wa mwezi."

Nilimpa kiti. Mama, nikamwambia, hii si dawa ya kupunguzwa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mwili wake hautengenezi insulini. Akikosa dozi, sukari inabaki kwenye damu, mwili unageukia kuchoma mafuta, na damu inajaa asidi. Kiu haikatiki, mkojo mwingi, kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa kina, pumzi inanukia kama matunda. Akifika hapo ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Mji ukizingirwa, watu hufikiria majeruhi wa risasi. Ni kweli, mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, hospitali zetu zilifurika. Lakini wapo wagonjwa wasiotoka damu. Siku zile umeme na maji vilikatika, uwanja wa ndege ukafungwa, benki nazo zikafunga milango. La benki huwa halitajwi, na kwangu lina uzito sawa na la barabara: dawa inaweza kuwapo ng'ambo tu ya mpaka, Gisenyi, Rwanda, lakini nitamlipaje anayeniuzia ikiwa pesa yangu imekwama? Anayelipa taslimu huongezewa bei, na bei hiyo inamwangukia mama huyu.

Halafu kuna suala la kuitunza kwenye baridi. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa siku kadhaa kwenye gari lililozuiwa njiani, jua likiipiga, inapoteza nguvu, na mara nyingi sura yake haibadiliki. Mgonjwa anajidunga kila siku kwa uaminifu, sukari haishuki, naye anajilaumu kwamba amekula vibaya. Hilo linaniuma sana.

Kichupa kilichofunguliwa si lazima kikae kwenye friji. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni ya ubaridi. Kichupa hukaa wiki nne hivi bila friji, mradi chumba kisizidi nyuzi 25. Kiweke mbali na mbabula, yaani jiko la makaa, na dirisha la jua. Kisigusane na barafu: insulini iliyoganda hata mara moja ni ya kutupa. Na mtoto akikataa chakula kwa sababu ya homa, usiache sindano, mlete tupime sukari.

Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, kifungu cha 23, unataka dawa za raia ziachwe zipite, hata kama raia hao ni wa upande wa adui. Wenye silaha wanaosimamisha magari wakumbushwe hilo kila siku.

Kichupa kizima ni mililita 10, yuniti 1,000. Mtoto anatumia 30 kwa siku. Theluthi ile, kwa dozi kamili, ni siku 11. Mama alikubali kurudia dozi kamili, nami jioni ileile nikaanza kupiga simu kutafuta kichupa kinachofuata.