Akili unde na insha: tunavyodhani na ilivyo

Dhana: Akili unde (AI) inajua majibu.

Inakisia tu. Hupanga neno baada ya neno kwa kufuata mazoea ya maandishi iliyolishwa, na hata ikikosea ufasaha wake haupungui. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT, mashine mojawapo ya akili unde. Ikiwa mawakili walinaswa, mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Kondele, Kisumu, atanusurikaje asipofunzwa kuhakiki?

Zoezi ninalolipenda ni hili: darasa liiombe mashine kisa cha Simbi Nyaima, lile ziwa la karibu na Kendu Bay linalosimuliwa kuwa lilimeza kijiji, kisha kila mmoja akamuulize nyanya yake. Kijiji kilizama kwa sababu gani? Yule bikizee aliyenyimwa ukarimu alisema nini? Tofauti ziletwe darasani zibishaniwe. Mashine imesoma Kiingereza kwa wingi, Kiswahili kidogo, Kijaluo kidogo zaidi. Nyanya atakuwa na mengi ambayo yenyewe haijawahi kuyasikia.

Dhana: Inamwongezea mtoto ubunifu.

Nusu ni kweli. Utafiti wa Anil Doshi na Oliver Hauser, uliochapishwa 2024, ulionyesha kuwa waandishi waliopewa mawazo na akili unde walitunga hadithi zilizosifiwa zaidi kwa ubunifu, lakini hadithi hizo zilifanana. Hilo ndilo linalonitia hofu: darasa zima kuwa na sauti moja. Kwa hiyo rasimu ya kwanza iandikwe kwa kalamu, mashine ikiwa imezimwa. Baadaye mwanafunzi aiombe miisho mitano, aikatae yote, na aandike kwa nini ameikataa. Hizo sababu nazipa alama nyingi kuliko insha yenyewe.

Dhana: Kuna programu za kuwanasa wadanganyifu wanaoandikiwa na mashine.

OpenAI yenyewe, kampuni iliyounda ChatGPT, iliiondoa ya kwake Julai 2023 kwa kukosa usahihi. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliona programu za aina hiyo zikizitilia shaka zaidi ya nusu ya insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Mtoto wa mtaa wetu wa Nyalenda ataitwa mwizi bure! Afadhali mwalimu amketishe, amwambie aeleze aya ya pili aliipataje.

Dhana: Ni lazima kila mtoto awe na tarakilishi.

Simu ya mwalimu yatosha. Jibu linaandikwa ubaoni, na wanafunzi wanapokezana chaki kulikosoa.