Mbwa anaharisha haachi: maswali kuhusu tumbo na chakula chake

S: Mbwa wangu anaharisha, nampa dawa anapona, baada ya muda anaanza tena. Shida nini hasa?

J: Hili ndo swali linalokuja kila mara, na ukimdadisi mwenye mbwa unakuta kila tumbo likichafuka kakimbilia duka la dawa za mifugo kununua metronidazo, dawa ya kuua bakteria, hajapima chochote. Dawa inatuliza kweli, ila inafagia na wale bakteria wazuri wa utumboni, kwa hiyo dozi ikiisha mnarudi palepale. Kuharisha au kutapika kunakokuja na kuondoka zaidi ya wiki 3 siyo tumbo kuchafuka tena, huo ni ugonjwa sugu. Na uzuri ni kwamba mbwa wengi wa aina hii wanatulia kwa kubadilishiwa chakula tu.

S: Basi nibadilishe leo leo?

J: Subiri kwanza. Peleka kinyesi kibichi kikapimwe minyoo na giardia (kijidudu cha utumboni), maana safura peke yake inaweza kumkondesha mbwa mpaka ukadhani ana ugonjwa wa ajabu. (Kama ni mbwa mdogo hajachanjwa, kaanza ghafla kutapika na kuharisha damu, acha kusoma hapa mpeleke kwa daktari sasa hivi, hiyo inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua haraka.)

S: Daktari kaniuliza kinyesi kikoje, nikabaki nashangaa. Niangalie nini?

J: Angalia wingi, mara ngapi, na kilichomo. Akienda haja mara chache ila anatoa kingi, cha majimaji, na mwili unaisha, tatizo mara nyingi liko utumbo mwembamba. Akienda kila saa, anajikamua, anatoa kidogo chenye ute na sa ingine tone la damu mbichi, hapo ni utumbo mpana. Kinyesi cheusi kama lami ni damu iliyotoka juu huko, usikilalie. Piga picha kwa simu umpelekee dokta, hamna aibu.

S: Huko kubadilisha chakula ili kuona kama ndicho kinachomsumbua, yaani mlo wa majaribio, kunafanywaje?

J: Unachagua nyama moja na wanga mmoja ambao mbwa wako hajazoea, unampa hivyo tu kwa wiki 2, basi. Ila neno "hajazoea" ndo lina kazi. Mbwa wengi wa kwetu wamekulia pumba iliyopikwa na dagaa, utumbo wa ng'ombe na vichwa vya kuku, kwa hiyo ukisema unampa kuku na wali kwa sababu ni laini unaweza ukawa unamrudishia kilekile kinachomsumbua, maana ng'ombe, kuku, maziwa na ngano ni kati ya vitu vinavyoongoza kwa kuleta mzio kwa mbwa. Kaa chini ukumbuke vyote alivyowahi kula. Kwa wengi sungura na viazi vitamu inafaa, au mbuzi kama hajawahi kupewa. Chemsha bila chumvi wala mafuta, na usitie kitunguu wala kitunguu saumu hata kwa ladha, ni sumu kwa mbwa. Changanya na chakula cha zamani ukiongeza kidogo kidogo kwa siku 5 hivi, wiki 2 uanze kuzihesabu akishaacha cha zamani kabisa, na mgawie mara 3 kwa siku badala ya sinia moja la jioni.

Sasa nyumba nyingi zinashindwa siyo kwenye kupika, zinashindwa getini. Kuna nyumba moja Kimara mama alikuwa anachemsha sungura kila siku kwa uaminifu wote na mbwa bado anaharisha, kumbe mlinzi wa usiku anakata chapati yake katikati, nusu yake nusu ya mbwa, na mtu mwenyewe hana baya, wanakesha wote. Kwa hiyo waambie wote, mlinzi, dada, watoto, na mbwa asizurure majalalani. Hata dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama muulize daktari kabla hujampa.

Kama chakula ndo mchawi, ndani ya hizo wiki 2 utaona kinyesi kinaanza kushikana. Halafu ukitaka uhakika mrudishie chakula cha zamani, akiharisha tena umeshapata jibu lako. Wengi hawataki kufanya hivi na nawaelewa, nani anataka kudeki tena.

S: Chakula cha mfuko je?

J: Kuna vya tiba ambavyo protini yake imevunjwavunjwa vipande vidogo mpaka kinga ya mwili haiitambui. Vinafanya kazi vizuri ila bei imechangamka. Vya kawaida geuza mfuko usome nyuma, mbele wameandika kondoo, nyuma unakuta na kuku yumo.

S: Amepona kwa sungura na viazi, niendelee hivyohivyo?

J: Kwa majaribio sawa, kwa maisha hapana. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, mbwa anayekua ataharibika mifupa. Muombe daktari akupangie kalsiamu na vitamini kwa uzito wake. Na usizibe pengo kwa mifupa iliyopikwa, inapasuka vipande vyenye ncha.

S: German Shepherd wangu anakula kama ana mashindano lakini mbavu zinahesabika.

J: Huyo mfikirie kongosho. Aina hii ya mbwa inajulikana kwa tatizo la kongosho kushindwa kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula, anakula sana, anatoa kinyesi kingi, kimepauka, kina mafuta, wengine wanakirudia wakile. Kuna kipimo cha damu kinaitwa TLI. Akithibitika anachanganyiwa unga wa vimeng'enya kwenye kila mlo, na wengi wanahitaji sindano za vitamini B12. Kuna wanaotumia kongosho bichi la ng'ombe, linasaidia kweli kwa sababu vimeng'enya vinakufa ukipika, ila nyama mbichi ya machinjioni ina magonjwa yake, usianze bila daktari.

S: Pumba na dona vina shida?

J: Vikiwa vizuri mbwa wengi wanavila bila neno. Shida ni mahindi yaliyoota ukungu, yale watu wanasema "haya wapewe mbwa". Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, inaua ini la mbwa na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, sembuse mbwa.

S: Na chakula kikigoma kabisa?

J: Jaribu nyama nyingine kwanza kabla ya kukata tamaa, wapo wanaokubali ya pili. Ikigoma na hiyo, daktari atataka damu, ultrasaundi, pengine kukata kinyama cha utumbo kipimwe, na baadhi wanaishia kwenye prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Tumbo likianza kujaa maji au miguu kuvimba usijaribu nyama nyingine yoyote, hapo protini inavuja kupitia utumbo na anahitaji matibabu ya haraka, na mara nyingi mlo wenye mafuta kidogo sana. Ukiwa karibu na Morogoro hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) ni pa kuanzia.