Je, Wajua Kwa Nini Mbegu za Upupu Hutuliza Kutetemeka?

Mtu aliyewahi kupita kichakani wakati maganda ya upupu yamekauka anaujua mmea huu kwa ngozi yake, kwa sababu vinyweleo vya rangi ya dhahabu vinavyoyafunika maganda hayo hupeperuka kwa upepo na kuwasha vikali. Waganga wa Ayurveda nchini India wanauhesabu mmea huohuo miongoni mwa dawa zao za heshima. Wao huuita kapikacchu au atmagupta, na mbegu zake, zikishachemshwa katika maziwa na kumenywa, huwapa wagonjwa wa kampavata, maradhi ya kutetemeka yanayofanana sana na ugonjwa wa Parkinson. Inakuwaje mmea unaomfanya mtu mzima ajikune hadi atokwe na damu umtulize mwingine anayetetemeka mikono?

Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba kazi zote mbili hufanywa na ukali mmoja, yaani kile kinachoichokoza ngozi kikiwa nje ndicho kinachozizindua neva kikimezwa. Jibu hilo si sahihi, na inafaa kueleza kwa kirefu kwa nini si sahihi, maana wapo wanaolitumia kuamini kwamba upupu unaowasha zaidi ndio wenye dawa zaidi.

Muwasho umo katika vinyweleo vya ganda, si katika mbegu. Kila kinyweleo kina urefu wa milimita chache tu na hubeba kimeng'enya kiitwacho mukunaini, ambacho kazi yake ni kukata protini. Kinyweleo kinapoichoma ngozi, mukunaini hukata vipokezi fulani vilivyomo katika ngozi na katika ncha za neva zake, na mkato huo ndio unaoamsha ishara ya muwasho inayopelekwa kwenye ubongo. Wala si kweli kwamba ncha kali ya kinyweleo inatosha kuwasha peke yake, kwa kuwa watafiti walipovipasha moto vinyweleo hadi kimeng'enya kikaharibika, viliendelea kupenya ngozini lakini havikuwasha tena. Muwasho huu pia haupiti njia ya histamini, ile kemikali ya mwili inayohusika na mizio mingi, na ndiyo sababu vidonge vya mzio havimsaidii sana mtu aliyeguswa na upupu.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, unatoka shambani. Ipo aina ya upupu inayolimwa kwa ajili ya kufunika na kurutubisha udongo, ambayo vinyweleo vyake ni laini na havina madhara hayo, na mkulima huvuna maganda yake bila wasiwasi. Hata hivyo mbegu zake zina dawa ileile. Muwasho umeondoka, dawa imebaki.

Dawa yenyewe ni levodopa, ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 3 na 6 ya uzito wa mbegu. Wanakemia wa India, Damodaran na Ramaswamy, waliitenga kutoka katika mbegu za upupu mwaka 1937, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kujua kwamba wagonjwa wa Parkinson wamepungukiwa katika ubongo na dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mijongeo ya mwili. Mwaka 1957 mtafiti Arvid Carlsson wa Sweden aliwazindua kwa levodopa sungura waliokuwa wamelegezwa kwa resapini, dawa inayopunguza dopamini katika ubongo, na la kustaajabisha ni kwamba resapini nayo ilitokana na mzizi wa mmea mwingine wa Ayurveda, sarpagandha.

Kwa nini basi mgonjwa asipewe dopamini yenyewe? Kati ya damu na ubongo upo ukuta wa seli zilizobanana, na kuuvuka ni kama kuvuka mkono wa bahari kwa pantoni inayopokea abiria wenye tiketi ya aina moja tu, yaani asidi amino fulani, vijenzi vya protini zinazotokana na chakula. Dopamini haina tiketi hiyo, hivyo hubaki ng'ambo hata ikiwa nyingi kiasi gani. Levodopa ni asidi amino, kwa hiyo hupanda na kuvuka, na ikifika upande wa pili kimeng'enya huichana tiketi yake, nayo inageuka kuwa dopamini pale hasa inapohitajika. Shida ni kwamba tiketi nyingi huchanwa kabla ya safari, tumboni na katika damu, na dopamini inayozalishwa huko huleta kichefuchefu. Ndiyo maana vidonge vya hospitali huchanganya levodopa na karbidopa, ambayo huzuia uchanaji huo wa mapema. Mlo wenye nyama au maharagwe mengi nao huleta abiria wengi wanaogombea nafasi zilezile, na dawa huchelewa kuvuka.

Katika jaribio moja lililofanyika London na kuchapishwa mwaka 2004, gramu 30 za unga wa upupu zilianza kufanya kazi baada ya dakika 35 hivi, wakati vidonge vya kawaida vilichukua takriban dakika 69. Wagonjwa waliopimwa, hata hivyo, walikuwa 8 tu. Jaribio refu zaidi, la wiki 16, lilikuwa na wagonjwa 14, na nusu yao waliacha kabla ya muda, wengine kwa kusumbuliwa na tumbo na wengine kwa sababu hali ya mwili kujongea ilizidi kuwa mbaya. Kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 1989, njaa iliwalazimisha watu kula mbegu za upupu, na madaktari wakaripoti wagonjwa wengi waliopatwa na kuchanganyikiwa kwa ghafla. Hilo linaeleweka kwa mbegu ambayo, kwa kiasi kile inachobeba, ni dawa kamili ya ubongo isiyopimwa dozi.