Fenoli inayoliwa na fenoli inayokutwa mwilini

Msimu uliopita wa mabibo, katika soko moja la hapa Mtwara, nilimsikia muuza juisi akimwambia mteja wake: "Kunywa, dada, hii ina fenoli, inaingia moja kwa moja kwenye damu." Kwa kuwa nimeshalisikia neno hilo likitajwa hivyo mara nyingi, kana kwamba fenoli ni jina la vitamini fulani, naona ni vema nilieleze.

Fenoli ni kampaundi yoyote yenye pete ya atomi sita za kaboni ya aina ile ya kemikali iitwayo benzini, ambayo kwenye pete yenyewe imeshikizwa oksijeni iliyobeba haidrojeni. Pete za namna hiyo zikiwa kadhaa katika molekuli moja, tunaiita polifenoli.

Jina la fenoli halikuanzia kwenye matunda. Mwaka 1834 mkemia Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga fenoli iliyo sahili kuliko zote kutoka katika lami ya makaa ya mawe akaiita asidi ya kaboliki, ileile ambayo daktari wa upasuaji Joseph Lister alianza kusafishia vidonda huko Glasgow mwaka 1865. Mkemia Auguste Laurent wa Ufaransa alikuwa amependekeza benzini iitwe "phène", kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuangaza, kwa sababu benzini ilipatikana kwanza katika masalia ya gesi ya taa. Na mwaka 1843 mkemia Charles Gerhardt akaliunda kutokana nalo jina la fenoli. Ni jina la umbo la molekuli, wala halisemi lolote kuhusu afya. Sisi wa kusini tunao ushahidi mikononi: mafuta ya ganda la korosho, yanayombabua mbanguaji vidole, yamejaa fenoli, na ukakasi wa bibo unaokausha ulimi unatokana na tanini, ambazo ni polifenoli. Mkorosho mmoja unazaa zote mbili.

Kinachoniudhi zaidi, hata hivyo, ni hilo la kuingia kwenye damu. Sehemu kubwa ya polifenoli tunazokula haifyonzwi katika utumbo mwembamba, bali huteremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huziondolea sukari zilizoshikamana nazo, huzivunja pete na kuzigeuza kuwa asidi ndogondogo za fenoli. Hizo ndizo zinazofyonzwa kwa wingi, zikapita kwenye ini, ambalo huzifungia salfeti au asidi ya glukuroni (asidi itokanayo na sukari), kisha figo zikazitoa kwa mkojo. Chukua ufuta wa Lindi. Mtu aliyekula kashata za ufuta hukutwa na enterolaktoni katika damu na mkojo wake, nayo ni fenoli. Lakini ukiusaga ufuta wenyewe hutaiona, kwa sababu bakteria ndio wanaoitengeneza kutokana na lignani, yaani kampaundi fulani za mmea zilizomo katika mbegu hiyo, na hata jina lake limetokana na neno la Kigiriki la utumbo. Ndiyo maana watu wawili waliokula sahani moja wanaweza kuwa na viwango tofauti kabisa, na aliyetoka kumaliza dozi ya antibayotiki huwa na kidogo, kwa kuwa mafundi wake wamepungua.

Tena si kila fenoli ya mwilini ilianza kuwa fenoli ya mmea. Katika protini ya samaki, nyama na hata mbaazi kuna asidi amino iitwayo tairosini, ambayo baadhi ya bakteria huigeuza kuwa fenoli ile sahili na nyingine iitwayo para-kresoli, kwa hiyo mtu aliyeshinda kwa samaki bila kugusa tunda bado atazitoa kwa mkojo. Figo zikishindwa kazi, para-kresoli iliyofungiwa salfeti hurundikana katika damu, na madaktari huihesabu miongoni mwa sumu za ugonjwa huo. Bakteria wakipata nyuzinyuzi za kutosha, kama za mtama usiokobolewa, huchachua hizo kwanza, na para-kresoli hupungua.

Muuza juisi yule, basi, hakukosea aliposema bibo lina fenoli, na juisi yake ni nzuri, mimi mwenyewe huinunua. Ningemwomba tu ayaache yale maneno matatu, "moja kwa moja".