"Watu wetu hawapendi kuandika" na uongo mwingine wa daftari la matukio

Wiki iliyopita mkuu wa ghala moja alinipa daftari la matukio, lile ambamo wafanyakazi huandika hatari na makosa ya kazini, likiwa limeshika vumbi. "Kaka, hawa watu wetu hawapendi kuandika. Ndivyo walivyo."

Nikalifungua. Kurasa tatu za mwanzo zimejaa. "Breki ya foklifti namba 3 laini", yaani ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Siku nne baadaye, mwandiko mwingine: "Foklifti 3 breki bado." Kisha: "Taa ya mlango wa pili imekufa." Halafu, kwa herufi kubwa: "BREKI." Safu ya mwisho, ile ya "Hatua iliyochukuliwa", nyeupe pe kuanzia juu hadi chini. Kurasa zilizofuata hazina hata doa la wino.

Hapo nani hapendi kuandika? Waliandika, hawakujibiwa, wakaacha. Mimi ningeacha kabla ya hiyo herufi kubwa.

Sentensi hii naisikia viwandani, karakana, hotelini, na kila mara anayeisema ndiye mwenye safu iliyo tupu. Wanaonifahamu wamechoka na dawa yangu: jibu ndani ya saa 48, kwenye daftari hilohilo, kwa jina na tarehe. "Spea haijafika, foklifti 3 isitumike mpaka fundi aseme" ni jibu. "Tumepokea, tunalifanyia kazi" si jibu, ni salamu. Asubuhi kabla ya zamu, msimamizi asome jambo moja lililorekebishwa na amtaje aliyeliona, kama mwenyewe hajakataa. Na ukurasa wa kwanza aandike yeye, kosa lake mwenyewe. Asiyejua kuandika vizuri aseme, mwenzake aandike.

"Daftari tupu maana yake tuko salama." Hapana. Penye watu na mashine hapakosi cha kuandikwa. Utupu huo unakuambia tu kwamba hakuna anayekueleza.

"Aliyeandika kosa lake asipoadhibiwa, nidhamu imekufa." Desemba 1, 1974, ndege ya TWA, shirika la ndege la Marekani, iligonga mlima ikielekea uwanja wa Dulles, karibu na Washington; watu 92 walikufa. Wiki sita kabla, marubani wa shirika jingine, United, waliponea chupuchupu palepale kwa kuelewa vibaya maelekezo ya aina ileile, na onyo likaishia kwa wenzao wa kampuni. Mwaka 1976 Marekani ikaanzisha utaratibu wa taarifa unaoendeshwa na NASA, shirika la anga la nchi hiyo, ambalo si lenyewe linaloadhibu marubani. Anayeripoti ndani ya siku 10 kosa asilolikusudia kwa kawaida hafungiwi leseni kwa kosa hilo. Ajali na uhalifu havimo kwenye kinga hiyo, kwa hiyo mlevi kazini hana pa kujificha.

"Tutoe zawadi kwa anayeandika zaidi." Mtaletewa taarifa arobaini za kalamu zilizoisha wino. Mbaya kuliko hiyo ni bonasi ya mwezi usio na ajali: hapo mtu atafunga kidole kilichobanwa kwa kitambaa, aingize mkono mfukoni, aende zake nyumbani.

"Tuna kundi la WhatsApp, inatosha." Picha na sauti ni nzuri, zitumeni. Ila awepo mtu mmoja, kwa jina, wa kuzihamishia taarifa hizo daftarini kabla zamu haijaisha. Ikifika Ijumaa taarifa ya breki imeshazikwa chini ya pongezi za harusi na michango ya msiba.