Juisi ya boksi au tunda lenyewe? Maswali na majibu

Swali: Boksi limeandikwa "Juisi asilia 100%, haijaongezwa sukari". Si ni sawa na kula tunda?

Jibu: Si sawa. Kutoongezwa sukari si kukosa sukari. Chungwa moja la wastani lina sukari gramu 12 hivi na nyuzinyuzi gramu 3. Glasi ya juisi ya machungwa ya mililita 250, hata iwe halisi kabisa, ina sukari gramu 20 na ushee, na nyuzinyuzi karibu hakuna. Imekamuliwa kwenye machungwa matatu hivi. Mara ya mwisho kumenya machungwa matatu ukayala mfululizo ilikuwa lini? Glasi unaimaliza kwa mafunda machache, na bado wali unakungoja.

Mwaka 1977 watafiti wa Uingereza waliwapa watu matufaha kwa namna tatu: mazima, yaliyopondwa, na juisi yake. Juisi ilinyweka mara 11 haraka kuliko tufaha zima kulika, na ndiyo iliyoshibisha kidogo kuliko zote. Sukari ya tunda zima imefungiwa ndani ya nyama yake. Meno na tumbo vinaitoa taratibu. Ya juisi iko huru tayari, inaingia kwenye damu kwa mkupuo, na kongosho inalazimika kumwaga insulini nyingi ya kuishusha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, linaihesabu sukari ya juisi kundi moja na ile ya kwenye kopo la jikoni, na kushauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, ikiwezekana zisifike 25.

Swali: Nitajuaje kama ni juisi kweli?

Jibu: Achana na picha ya embe iliyo mbele, geuza boksi. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta "maji, sukari, rojo la embe", basi sukari imelizidi embe. Neno "nekta" maana yake ni tunda lililoongezwa maji, na kwa kawaida sukari pia. Viwango vya kimataifa vinaruhusu nekta ya embe iwe na tunda asilimia 25 tu. "Kinywaji chenye ladha ya embe" huenda embe hakilijui.

Kisha tafuta sukari kwa kila mililita 100. Ikiwa ni gramu 12, boksi la mililita 250 lina gramu 30, yaani vijiko vya chai saba na nusu. Nani anaweka vijiko saba kwenye kikombe kimoja cha chai?

Swali: Na zile kemikali zinazoandikwa kwenye boksi kwa namba za E?

Jibu: Watu wanaziogopa kupita kiasi. E330 ni asidi ya sitiriki, ileile inayolifanya limau liwe chachu. E211, yaani benzoati ya sodiamu, huzuia ukungu na hamira, na inaruhusiwa kwa kiwango maalumu. Mimi hofu yangu iko kwenye sukari.

Swali: Nikisaga mwenyewe nyumbani?

Jibu: Inategemea chujio. Ukichuja, umetupa nyuzinyuzi kama kiwanda kilivyofanya. Usipochuja ni afadhali, ila angalia mkono wako kwenye sukari: juisi ya ukwaju na ya pasheni hunyweka kwa sababu tu imemiminiwa sukari ya kutosha. Tumia maji yaliyochemshwa, na barafu usiyojua imetoka wapi iache.

Hata chungwa lenyewe tunalikosea. Kijana wa stendi anakumenyea, anakata kichwa, unafyonza maji na kutupa makapi. Hapo umejikamulia juisi mdomoni! Yale makapi ndiyo ya kula.

Swali: Mwanangu ana miezi tisa. Nimpe juisi kidogo?

Jibu: Hapana, mama. Madaktari wa watoto wa Marekani, tangu 2017, wanashauri asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitatu isizidi mililita 120 kwa siku. Mpondee papai au ndizi mbivu, na maziwa yako yaendelee. Na akikua, juisi kwenye chupa ya kunyonya usiku isiwepo. Inakaa kwenye meno hadi asubuhi.

Swali: Baba ana kisukari. Tumpige marufuku juisi?

Jibu: Ya kunywea chakula, ndiyo, iacheni, tunda dogo zima linamfaa zaidi. Lakini wekeni boksi moja karibu naye. Sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L kwenye kipimo, akaanza kutetemeka na kutoka jasho jembamba, mpeni nusu glasi na ushee, karibu mililita 150, msubiri dakika 15, kisha mpime tena. Ikiwa bado iko chini, rudieni. Saa hiyo ile kasi ya juisi ndiyo tunayoihitaji. Tunda zima litachelewa. Hakikisheni ni yenye sukari kweli, si ile iliyowekwa utamu wa bandia. Akiwa amepoteza fahamu, msimnyweshe chochote, mkimbizeni hospitali.